Gitaa Lisilojua Rasti

Wimbo wa tatu ndio ulioleta tatizo. Ilikuwa usiku wa arusi katika uwanja mdogo ulio baina ya nyumba mbili za Mji wa Kale hapa Mombasa. Majamvi yalikuwa yametandikwa, marashi yamerashwa, na watu wamekwisha kunywa kahawa mara mbili. Mpigaji udi, mzee ambaye sitamtaja jina kwani mwenyewe hapendi makuu, akaanza taksimu katika maqamu ya Rasti. Akaipanda polepole, akatua juu ya ile sauti ya tatu kama mtu aketiye kibarazani kwake, kisha akateremka. Wazee wakaitikia, "Allah! Allah!" Hapo ndipo mpwa wangu, kijana wa miaka 22 aliyejifunza gitaa kwa bidii, akaingia na nyuzi zake sita.

Mara moja hewa ikachafuka. Udi ukisema hivi, gitaa likisema vile, na mwimbaji katikati hajui amfuate nani. Mzee akavumilia beti mbili. Katika ubeti wa tatu akaichomeka risha yake baina ya nyuzi, akaulaza udi mapajani, akamtazama kijana bila ya hasira.

"Mwanangu," akamwambia, "hiyo siyo Rasti. Hiyo ni Ajamu."

Wimbo ukaisha kwa fidla na dumbaki peke yake. Mpwa wangu akarudi nyumbani usiku ule akiwa amenyamaza, na asubuhi akanijia na gitaa lake mkononi. "Mjomba," akasema, "nimeitafuta ile sauti ya mzee tangu alfajiri. Haimo."

Na kweli haimo. Ningependa leo kuzungumza na wasomaji juu ya jambo hili kwa urefu kidogo, kwani naona kuna dhuluma inayofanyika. Wazee wanawalaumu vijana kuwa hawana masikio, na vijana wanawalaumu wazee kuwa wanapiga nje ya sauti. Mimi nasema hapana mwenye kosa baina yao. Tatizo limo katika vile vipande vya waya vilivyopigiliwa shingoni mwa gitaa, ambavyo wapigaji huviita freti.

Kila mtu aliyelelewa pwani hii anaijua sauti iliyokosekana, hata kama hajawahi kuipa jina. Adhana na kisomo si muziki, wala sitaki mtu aniwekee maneno hayo mdomoni. Lakini masikio yetu yamelelewa hapo. Muadhini anapovuta sauti kwa Bayati, au msomaji anapoanza kwa utulivu katika Rasti, kuna mahali sauti yake hupita baina ya milango miwili ya kinanda. Haiko kwenye mlango mweupe wala haiko kwenye mweusi. Mtoto wa chuoni huipata bila ya kufundishwa, kwa kuwa ameisikia tangu kuzaliwa. Gitaa la dukani haliipati, hata likipigwa na bingwa.

Sababu ni ya kihesabu. Gitaa huigawa sauti kutoka chini hadi jawabu yake ya juu katika hatua 12 zilizo sawasawa. Wapimaji wa sauti huigawa safari hiyo hiyo katika sehemu 1,200 wanazoziita senti, kwa hivyo kila freti ni senti 100. Tatu ndogo iko kwenye senti 300 na tatu kubwa kwenye senti 400. Ile tatu ya Rasti aliyokuwa akiipiga mzee iko karibu na 350, yaani katikati ya freti ya tatu na ya nne, mahali ambapo kidole kikibonyeza, uzi huteleza na kulala juu ya freti ya nne. Kijana hana njia. Akichagua ya nne anapata Ajamu, akichagua ya tatu anapata Nahawandi, na zote mbili si alichoombwa.

Baadhi ya watu hudhani kwamba freti ni jambo la Kizungu, na kwamba Waarabu tangu hapo walikuwa na udi mtupu. Sivyo. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha muziki juu ya udi uliofungwa freti, na freti hizo zilikuwa na majina ya vidole vyetu wenyewe. Sabbaba, yaani kidole cha shahada. Wusta, kidole cha kati. Binsir, cha pete. Na khinsir, kile cha mwisho. Hazikuwa za chuma. Zilikuwa nyuzi zilizofungwa kuzunguka shingo, na aliyetaka kuzisogeza alizisogeza.

Ugomvi wote ulikuwa juu ya kidole cha kati. Kulikuwa na wusta ya zamani, kukawa na wusta ya Waajemi, na kukawa na wusta ya Zalzal. Huyu Zalzal alikuwa mpigaji udi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Aliziona wusta zote zilizokuwako hazimtoshi, akafunga yake mwenyewe. Kwa kipimo cha al-Farabi, freti ya Zalzal inaacha sehemu 22 katika 27 za uzi zilie, na kwa hesabu ya leo hiyo ni senti 355 hivi. Yaani ni ile ile sauti iliyomfanya mzee wetu aweke risha chini! Imetimiza zaidi ya miaka 1,200 na bado inatugombanisha arusini.

Baadaye, huko huko Baghdad, Safi al-Din al-Urmawi, aliyefariki mwaka 1294, aliipanga oktava katika sauti 17. Kisha, kadiri karne zilivyopita, udi ukavuliwa freti zake, ukabaki na shingo laini kama tunavyouona leo, na mpigaji akaachiwa sikio lake. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kusahau kuwa freti zaweza kuwa zetu pia.

Tukiangalia historia ya taarabu, tutaona kuwa mlango ulifunguliwa taratibu. Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa Unguja mwaka 1905, macho yalikuwa yameelekea Misri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kunasa sauti yake katika sahani za santuri, hapakuwa na mtu wa kumpimia sauti kwa milango ya kinanda. Halafu ikaja harmonia kutoka Bara Hindi, ikaja kodiani, na hapa Mombasa ikaja taishokoto, chombo kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ambacho hubonyezwa vitufe kama vya taipureta. Sitaki kuvitukana vyombo hivi. Taishokoto ya Mombasa ina utamu wake ambao hakuna mji mwingine unaoujua, na arusi ngapi zimependeza kwa kodiani! Lakini vyote hivi vina hatua zile zile 12, na maqamu zilizoweza kupita katika matundu 12 zikapita, zisizoweza zikabaki nje.

Mtu akitaka ushahidi, na asikilize ni maqamu zipi zinazopigwa sana siku hizi. Hijazi imo, Nahawandi imo, Ajamu imo, Kurdi imo. Hizo kinanda kinaziweza, ama barabara ama kwa karibu. Rasti, Bayati, Sika na Saba zinazidi kupungua, na zikipigwa huwa zimenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Hata Misri wenyewe walilijua jambo hili. Mohammed Abdel Wahab alipotunga "Enta Omri" kwa ajili ya Umm Kulthum mwaka 1964, akaingiza gitaa la umeme, wimbo wenyewe aliuweka katika maqamu ya Kurdi, ambayo haina robo sauti. Fundi mjanja hamwaliki mgeni kwenye chumba asichoweza kuingia. Sisi huku tunamwalika katika kila chumba, kisha tunavunja mlango ili apite.

Najua watakaonijibu kuwa vinanda vya umeme vya siku hizi vina kitufe cha kushusha robo sauti. Ni kweli, na wanaojua kukitumia wanafanya kazi nzuri. Ila nimesimama nyuma ya vinanda hivyo katika arusi si moja, nikaona kitufe kile hakiguswi usiku kucha. Mwenye kinanda haelewi ni cha nini, na aliyemuuzia hakumwambia.

Sasa turudi kwenye gitaa, kwani duniani kuna watu waliokwisha kulishughulikia jambo hili, na hawakufuata njia moja.

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kupigilia freti mara mbili zaidi, 24 badala ya 12 katika kila oktava. Kwa karatasi inapendeza. Kwa mkono ni mateso. Katika gitaa la kawaida lenye uzi wa milimita 650, freti ya kwanza huwa milimita 36 na nusu kutoka kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo. Ukiweka robo, inakuwa 18 na nusu tu. Ukifika karibu na nusu ya uzi, nafasi baina ya freti na freti huwa milimita 9 na nusu, na ukiendelea kwenda kwenye tumbo la gitaa huwa chini ya 5. Kidole cha mtu mzima hakina pa kukaa. Tena freti nyingi katika hizo hazitumiki katika wimbo wowote. Ni kama kuezeka makuti juu ya uwanja mtupu.

Wenye busara zaidi huongeza chache tu, pale zinapohitajika. Hivyo ndivyo ilivyo bağlama ya Waturuki na buzuki ya Lebanon na Syria: shingo ndefu, freti za kufunga, na nafasi zisizolingana, kwani sauti zenyewe hazilingani. Kundi moja la vijana wa Australia, King Gizzard & the Lizard Wizard, walitengenezewa gitaa la umeme lenye freti za ziada kwa kufuata mfano wa bağlama, wakatoa sahani nzima mwaka 2017 waliyoiita Flying Microtonal Banana. Muziki wao una kelele, nami si mtu wa kelele, lakini nilipoisikia robo sauti ikitoka katika gitaa la vijana wa Melbourne niliona haya kwa niaba yetu sote.

Wa karibu nasi zaidi ni Mauritania. Jeiche Ould Chighaly, mume wa mwimbaji Noura Mint Seymali, amelelewa katika nyumba ya wapiga tidinit, zeze la jadi la huko. Aliposhika gitaa la umeme hakukubali kuiacha sauti ya tidinit nyumbani. Gitaa lake limebadilishwa freti ili liweze kuisema. Huyu ni Muafrika, ni Mwislamu, ametoka katika jadi ya washairi na waimbaji kama yetu.

Istanbul wamekwenda mbali zaidi, kwa njia mbili zinazopingana. Erkan Oğur, mwaka 1976, aliziondoa freti zote akapiga gitaa kama udi. Sauti yake ni tamu mno, ila gitaa la namna hiyo linataka miaka ya mazoezi, na ile mitindo ya kubonyeza nyuzi nne au tano kwa pamoja, ambayo ndiyo sababu ya vijana kulipenda gitaa, huwa ngumu sana. Tolgahan Çoğulu naye, mwaka 2008, akabuni gitaa ambalo chini ya kila uzi pana mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo freti fupifupi zinazosogezwa kama vyumba vya treni katika reli yake. Ukitaka Rasti unazipanga kwa Rasti. Ukitaka Bayati unazihamisha. Mwaka 2014 alipata zawadi ya kwanza ya shindano la Guthman la vyombo vipya vya muziki huko Georgia, Marekani. Tena baadaye, mwanawe mdogo akichezea vipande vya Lego, wakatengeneza pamoja gitaa ambalo freti zake hupachikwa juu ya Lego. Mtu asiniambie basi kuwa ni kazi ya viwanda vikubwa tu.

Kwa kuwa wasomaji wa pwani wanapenda habari za Oman, nitatoka njiani kidogo. Freti za kuhamishwa katika gitaa hazikuanzia Istanbul. Mwaka 1829 Mwingereza mmoja, Thomas Perronet Thompson, alitoa kitabu cha kumfundisha bintiye kupiga gitaa alilolibuni, lenye shingo iliyojaa vitundu vya kuchomeka freti ndogondogo. Yeye hakuwa akitafuta Rasti. Alikuwa akitafuta tatu safi za muziki wa kwao. Lakini ni nani huyu? Ni mwanajeshi yule yule aliyekuwa Ghuba mwaka 1820, akashiriki katika mkataba wa Waingereza na masheikh wa huko, kisha mwaka huo huo akaandamana na Sayyid Said bin Sultan kuwapiga Bani Bu Ali. Walishindwa vibaya, na Thompson akapelekwa mbele ya mahakama ya jeshi. Sijui kama udi wa Maskati ulimpitia masikioni katika safari ile, lakini huwa napenda kulifikiria jambo hilo nikinywa kahawa.

Haya, mimi na mpwa wangu tulifanyaje?

Kwanza tulifanya kosa. Tulilipeleka gitaa kwa fundi mmoja wa mbao, mtu hodari wa milango na makabati, tukamwomba akate mifereji na kupigilia freti mbili mpya. Alipima kwa jicho, akapiga msumeno, na shingo ikapasuka kutoka juu hadi karibu na freti ya tano. Simlaumu. Tulimpa kazi asiyoijua na sisi wenyewe hatukuwa na vipimo. Lakini gitaa lilikuwa limeliwa fedha za miezi minne ya kijana, na siku ile sikuwa na uso wa kumtazama dada yangu.

Gitaa la pili tuliliazima, kwa hivyo msumeno ulikuwa haramu. Ndipo nilipokumbuka ule ufungaji wa al-Farabi, nikaenda mwenyewe kununua mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene wa milimita moja. Waturuki hufunga bağlama zao kwa uzi wa namna hiyo hiyo. Unauzungusha shingoni, unaukaza, unafunga fundo nyuma upande wa juu ambako kidole gumba hakifiki. Uwe na unene sawa na urefu wa freti za chuma, kwani ukiwa mwembamba uzi wa gitaa utagonga chuma cha mbele yake na kutoa mlio kama wa nyuki.

Mahali pa kufunga ni hesabu nyepesi. Pima urefu wa uzi kutoka mfupa wa juu hadi daraja lililo tumboni. Zidisha kwa 0.083 upate fundo la kwanza, na kwa 0.183 upate la pili. Katika gitaa la milimita 650 ni milimita 54 na milimita 119. La kwanza litakaa baina ya freti ya kwanza na ya pili, nalo kwenye uzi wa re litakupa ile mi iliyoshushwa robo ambayo Waarabu huiita Sika, na hapo hapo Bayati ya re inafunguka. Kwenye uzi wa la litakupa si iliyoshushwa vivyo hivyo. Fundo la pili litakaa baina ya freti ya tatu na ya nne, na kwenye uzi wa sol litakupa tatu ya Rasti. Mishipi miwili, na maqamu mbili zilizokuwa zimefungiwa nje zimeingia ndani! Gharama yake haifiki bei ya sahani ya biriani.

Kuna jambo moja hapa ambalo napenda lieleweke vizuri, kwani ndipo penye uzito. Mahesabu hayo niliyotoa ni ya kugawa robo sawasawa, na hiyo robo sawasawa nayo ni sera ya wanavyuoni, siyo sauti ya watu. Ilipofanyika ile kongamano kubwa ya muziki wa Kiarabu mjini Cairo mwaka 1932, chini ya Mfalme Fuad, wajuzi walijaribu kukubaliana juu ya ngazi moja ya sauti 24 zilizo sawa, na juu ya piano iingie au isiingie. Hawakukubaliana. Walipopima walikuta watu wa nchi mbalimbali hawashuki pahala pamoja. Tatu ya Rasti kwa Waturuki iko juu zaidi, kwa Wamisri iko chini zaidi. Na hata mpigaji mmoja, ile Sika yake katika Bayati huiteremsha kuliko ile ya Rasti. Hata freti ya Zalzal, tukiipima katika gitaa letu, inaangukia milimita 120 na kidogo, mbele ya fundo langu kwa zaidi ya milimita moja.

Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka tuagize kutoka ng'ambo magitaa yenye freti za robo zilizopigiliwa kwa chuma. Tutakuwa tumemwondoa bwana mmoja tukamweka mwingine. Freti yetu lazima iweze kusogea, kwani masikio ya Lamu si ya Cairo. Marehemu Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alikuwa na mahali pake pa kuweka kidole, na hapakuandikwa katika kitabu chochote. Ametuachia kanda na sahani. Wazee wa kiasi chake waliobaki ni wa kuhesabika.

Kwa hivyo nasema na vilabu vya taarabu, na walimu wa muziki katika skuli zetu, na wale mafundi vijana wanaotengeneza udi hapa mjini na Lamu. Msingoje chombo kutoka nje. Chukueni gitaa moja bovu, fungeni mshipi, kaeni na mzee mmoja jioni moja, mumwachie yeye asogeze fundo mpaka aseme basi. Kisha chukueni rula mkaandike milimita. Karatasi hiyo moja, ikiwa na vipimo vya wazee watano au sita, itakuwa na thamani kuliko hotuba zote tunazotoa juu ya kuhifadhi utamaduni. Ardhi tunaipima, viwanja tunavigombania hata inchi. Mbona sauti hatujaipima?

Wapo watakaoniuliza, kwa nini kuhangaika na gitaa, si vijana wajifunze udi tu? Na wajifunze! Sina la kupinga. Chuo cha muziki cha Unguja, Dhow Countries Music Academy, kinafundisha udi na kanuni tangu mwaka 2002, nasi hapa Mombasa tungefurahi kuwa na mfano wake. Lakini gitaa limo katika kila nyumba ya tatu, na kijana aliyenalo hatalitupa kwa kuwa mimi nimeandika gazetini. Afadhali gitaa alilonalo lijifunze Rasti.

Ijumaa iliyopita baada ya Alasiri tulikwenda kwa mzee, mimi na mpwa wangu. "Masalkheri, Maalim," kijana akaamkia, akambusu mkono. Mzee akalitazama gitaa lililofungwa mshipi wa samaki, akacheka mpaka akakohoa. Akauliza kama tunakwenda kuvua. Kisha akalichukua, akaligonga tumbo, akapiga uzi wa re, akabonyeza nyuma ya fundo la kwanza, akasikiliza. Akatikisa kichwa. Kwa ukucha wa kidole gumba akalisukuma fundo kuelekea juu, kidogo tu, akapiga tena. Akalisukuma tena. Akafumba macho, akapiga Bayati kwa dakika tatu au nne, na mkewe akaja kusimama mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi.

"Hapa," akasema, akamrudishia kijana gitaa lake. "Hapa ndipo pa Bayati. Ukitaka Rasti, nirudishie nikuonyeshe pengine."

Tulipofika nyumbani nilitoa rula. Fundo nililolifunga mimi kwa hesabu lilikuwa milimita 54. La mzee liko milimita 51. Mpwa wangu amepiga alama ya penseli hapo, na Ijumaa ijayo tunarudi kwa ajili ya fundo la pili.